Sista na Kucha za Mgonjwa

Asubuhi tuliyomzika Sista, nyembe ziliisha dukani. Hakuna aliyetangaza wala kuagizwa. Wanawake wa Ikolo waliamka, wakawasha moto, na kabla hata ya kujifunga vitenge vya msibani wakatafuta wembe. Nilipofika nikawakuta wamekaa kwenye mikeka, mikono mapajani, kucha zote fupi kama za watoto wa darasa la kwanza siku ya ukaguzi. Wawili watatu walikuwa wamejikata mpaka kwenye nyama. Tulimwogopa hata akiwa ndani ya jeneza.

Jina alikuwa nalo, la ubatizo na la ukoo, lakini sikuwahi kusikia mtu akimwita kwalo. Alikuwa nesi wa wodi ya wazazi kwenye kituo cha afya, na hapa kwetu nesi wa kike ni Sista. Alipostaafu alirudisha funguo za wodi, jina akaondoka nalo. Mchungaji akimwombea kanisani alisema "mama yetu Sista," na nadhani Mungu naye alimjua hivyo hivyo.

Mimi nina saluni kwenye njia panda ya kwenda Ndandalo. Nasuka, nasafisha miguu, napaka rangi, nabandika kucha za plastiki ndefu kwa maharusi na kwa wale wanaotaka tu kuonekana maharusi. Kwa hiyo mimi na Sista tulikuwa na vita ya kudumu, na sikumbuki hata siku moja niliyoishinda. Alipita mbele ya mlango wangu akienda sokoni, akasimama, akanyoosha mkono wake mkavu.

"Mugonile, Sista," nilimwamkia kwa Kinyakyusa, nimeinama vizuri kama mama yangu alivyonifundisha.

"Lete mikono."

Salamu yangu ilibaki hewani. Aliugeuza mkono wangu huku na huku kama mtu anayechagua nyanya, kisha akawageukia wateja wangu waliokaa na vichwa nusu vimesukwa. Nao wakatoa mikono. Mke wa diwani alitoa mkono, mwalimu wa sekondari alitoa mkono. "Hizi ni kucha au majembe?" aliuliza. "Utamtawaza mtoto na hizi? Utakanda unga na hizi, halafu ule?" Akaondoka. Siku hizo nilipoteza wateja wengi kuliko niliowapoteza kwa mvua, na Kyela mvua ni nyingi.

Sababu ya kucha aliisema mara moja tu. Mvua ilimkamata saluni kwangu, ile ya kwetu isiyoruhusu mtu hata kuvuka barabara, na hapakuwa na mteja. Alikaa kwenye kiti cha kukaushia nywele, mkoba mapajani. Akasema kwamba alipoanza kazi aliletewa mama mmoja kutoka ufukweni, kwa mtumbwi, uchungu umemkaa muda mrefu na wanawake wa kwao wameshajaribu kumsaidia kwa mikono. Mtoto alizaliwa mzima na mama alicheka. Baadaye ikaja homa, na mama hakutoka tena wodini kwa miguu yake.

"Niliwaangalia mikono wale waliomsaidia," alisema. "Walikuwa watu wema. Walikuwa wanalia kuliko ndugu zake. Chini ya kucha walikuwa na tope la mpunga."

Mvua ilikuwa haijakatika alipoinuka na kwenda zake. Tangu siku hiyo nilikuwa nampa mikono bila kununa.

Wodini alikuwa mkali, na sitamsafisha kwa sababu amekufa. Alizaba watu vibao vya mapaja. Alikuwa na maneno ya kumfanya mwanamke mwenye uchungu asahau uchungu kwa aibu. Mimi nilipokwenda kumzaa mtoto wangu wa kwanza nilikuwa na kucha nyekundu ndefu, fahari yangu yote, na kitu cha kwanza Sista alichofanya kabla hajanigusa tumbo ni kuchukua mkasi na kuzikata zote, huku mimi nalia. "Lia, lakini usinisogeze mkono," alisema. Nilimchukia kwa moyo wangu wote. Kisha mtoto akaja, na yule mwanamke niliyekuwa nimemlaani kwa lugha mbili akaleta beseni la maji ya moto, akapiga magoti kwenye sakafu, akaniosha miguu. Alipitisha kidole katikati ya kila kidole changu. Nimeuliza wengine wengi, wote walioshwa miguu na Sista baada ya kuzaa, wote walizabwa kabla.

Alikuwa na sheria nyingine moja ya wodi, na hii naomba ikumbukwe. Hakuna mgonjwa aliyepewa ruhusa kabla Sista hajamkagua mwenyewe. Daktari anaweza kuandika ruhusa, ndugu wanaweza kufunga mizigo, bajaji inaweza kuunguruma mlangoni. Sista alimlaza mtu tena, akaangalia nyuzi, akatoa plasta, akachomoa kile kisindano cha dripu ambacho wengine walikuwa wanakisahau mkononi. "Haondoki mtu na kitu changu mwilini mwake," alisema. Kuna mama mmoja wa Ndandalo alirudishwa kutoka stendi ya basi kwa sababu ya kipande cha bandeji. Alirudi anatukana, akatolewa hicho kipande, akaruhusiwa kwa mara ya pili.

Lakini yeye mwenyewe hakukubali kuguswa. Ukimpa pole kwa kikohozi alikuuliza, "Mgonjwa hapa ni nani?" Jumamosi mchana, kwa ajili ya ibada ya kesho yake, alikaa kwenye kigoda mlangoni kwake, akatandika gazeti, akajikata kucha za miguu kwa wembe. Nilimwambia mara nyingi aje saluni nimkate bure, nina mkasi wa kazi hiyo. "Nimekata vitovu vya nusu ya kata hii," alinijibu, "nitashindwa ukucha wangu?" Nikaona ni kiburi, nikacheka. Sikuona kwamba kila mwaka alikuwa anaisogeza mikono ya wateja wangu karibu zaidi na uso wake ili aione.

Paka wake alikuja baada ya mume kufa na yeye kustaafu. Aliletwa ndani ya gari la magunia ya mpunga, ana mwili kama kiatu, macho yamefungwa kwa usaha. Sista alimsafisha macho kwa pamba na maji ya chumvi, akamnywesha maziwa kwa bomba la sindano, na alipopona hakumpa jina la paka. Alimwita Mgonjwa. "Mimi bila mgonjwa ndani ya nyumba siwezi kulala," alisema.

Jina hilo lilituletea vituko. Siku moja alimwambia jirani njiani kwamba hatafika kanisani, Mgonjwa amezidiwa, ametapika tangu asubuhi. Jirani akapeleka habari kanisani, na wewe unawajua akina mama wa kanisa letu. Mchana walifika kwa Sista wamevaa sare, wana mkungu wa ndizi na chupa ya uji, wanaimba tangu barabarani. Walipomaliza wimbo wa pili mlangoni, mmoja akauliza mgonjwa yuko wapi ili aombewe. Sista akafunua khanga kwenye kochi. Paka alikuwa amelala chali, tumbo limejaa usipa, dagaa wa ziwa letu, alioiba kwenye ungo.

Sista akaupokea mkungu wa ndizi kwa mikono miwili.

"Ndaga fijo," alishukuru. "Mmeshafika, basi mwombeeni."

Na wakamwombea, kwa sababu wote walikuwa wamezalishwa naye.

Aliyempenda paka yule pamoja na Sista ni mzee wa duka, Mwislamu ambaye baba yake alitoka pwani akaja Kyela kuuza nguo. Aliwahi kuniambia kwamba nyumba yenye paka ina mtu anayeulizwa amekula nini, na mjane anahitaji hilo kuliko pole. Kila Ijumaa alimwekea Mgonjwa vichwa vya samaki kwenye mfuko. Sista alivichukua, na hakusahau kumwambia mzee wa watu atoe mikono.

Sukari ilimpata taratibu. Alijipima mwenyewe, akajiandikia dawa, akajigombeza. Kisha miguu ikaingia ganzi. Nilikuwa jikoni kwake siku moja nimemletea mawese, tunaongea, yeye amesimama karibu na jiko la mkaa. Akanusa hewa.

"Nani anachoma nyama?" aliuliza.

Nikanusa na mimi. Tukaangalia mlangoni, tukaangalia kwa jirani. Halafu nikaangalia chini. Kaa la moto lilikuwa limeruka kutoka kwenye jiko na alikuwa amelikanyaga, kisigino kinafuka moshi. Nilipiga kelele mimi. Yeye aliinua mguu, akautazama kama mguu wa mtu mwingine, akasema, "Kumbe."

Kile kidonda kilikaa mpaka mavuno yakapita. Kilipofunga, daktari wa kliniki ya sukari alimwambia mbele ya binti yake, aliyekuwa amekuja kutoka Dar es Salaam kumuuguza: mama, una bahati ya mara moja. Sasa hivi mkwaruzo tu, mkwaruzo mdogo kabisa, ukichelewa kuuona, mguu tunaukata. Binti yake ndiye aliyenisimulia, amefura macho kwa kulia. Na walipofika nyumbani kutoka kliniki, akaona Mgonjwa anakuja mbio, anamkumbatia mama yake mguuni kwa kucha zote, kama alivyozoea kumpokea.

"Mama, chagua," binti alisema. "Mguu au paka."

"Siwezi kumpa ruhusa mgonjwa kwa sababu muuguzi anaumwa," Sista alijibu.

Waligombana kwa simu muda mrefu baada ya binti kurudi Dar. Huyu binti si mtu mbaya, naomba nieleweke. Ni mtoto pekee, yuko mbali, ana mama mkaidi. Akazunguka maduka ya huko akiuliza dawa ya kucha za paka, akachekwa na watu, mpaka akapata kitu ambacho hakuna mtu wa Kyela aliyewahi kukiota. Kikaja na basi, kimefungwa kwenye boksi la sabuni.

Sista akakileta saluni kwangu. Alisubiri wateja waishe, na kwa Sista kusubiri lilikuwa jambo zito. Akafungua mkoba, akamwaga mezani vikofia vidogo vya plastiki, vyekundu, kila kimoja kama punje ya hindi iliyotobolewa ndani.

"Vinabandikwa kwenye kucha za paka," alisema bila kuniangalia. "Gundi yake imekauka njiani. Wewe unayo."

Nilimtazama. Mwanamke aliyenikata kucha nyekundu siku ya uchungu wangu alikuwa amesimama mbele yangu anaomba gundi ya kucha za kubandika, nyekundu. Nilijitahidi, lakini kicheko kilinishinda. Nikacheka mpaka nikashika meza. Yeye alisubiri nimalize.

"Umemaliza? Lete mikono kwanza," akasema. Akazikagua. "Haya. Twende ukanishikie."

Nilimshika Mgonjwa mimi. Sista alimzungushia khanga kama kichanga, akabakiza mguu mmoja nje, akaubonyeza taratibu katikati ya kiganja mpaka ukucha ukachomoza wenyewe. Paka aliguna na kukaza mwili. "Pumua," Sista alimwambia. "Usinibane. Sukuma, mama, sukuma." Ni maneno yaleyale, kwa sauti ileile, na mimi tumbo likanikaza bila kutaka. Alikata ncha, mimi nikadondosha gundi ndani ya kofia, yeye akavika, akashikilia huku anaimba pambio chini kwa chini. Kofia moja ilimshinda kuilenga, akaivika ubavuni, ikabidi niitengeneze. Tulipomaliza alifungua khanga. Mgonjwa akashuka, akainua mguu mmoja, akautikisa, akainua mwingine. Alitembea kama mtu aliyevishwa viatu kwa mara ya kwanza siku ya kipaimara.

Basi mji ukapata la kusema. Wengine walisema Sista amezeeka vibaya. Wengine walishusha sauti wakasema paka mwenye kucha nyekundu si paka wa bure, na hao nao walikuwa wamezalishwa naye, wakaishia hapo. Panya ndio waliofurahi. Ghala la mpunga la Sista likageuka ukumbi wao, na Mgonjwa akiwarukia waliteleza kwenye kofia zake wakaenda zao. Alizoea kupanda mchikichi ulio nyuma ya nyumba, akalala juu kwenye makuti akiangalia watu. Sasa alijaribu, akateleza, akakaa chini ya mti anajilamba kana kwamba hakuwa na nia ya kupanda.

Mzee wa duka alimwona hivyo, akaja kwa Sista amevua kofia yake.

"Sista, umemfunga mikono huyu kiumbe."

"Nimemfunga kucha. Mikono anayo."

"Na mbwa wakija?"

"Atanifuata mimi ndani," alisema. "Mimi nipo."

Na ni kweli alikuwepo. Aliacha kwenda mikutano ya kanisa ili Mgonjwa asibaki nje peke yake. Alimlisha kwa mkono. Kofia ikidondoka alikuja saluni, tukambandika nyingine, mpaka wateja wakazoea kusubiri paka amalizwe kwanza. Miguu yake Sista haikupata hata mstari wa kucha. Binti alinipigia kunishukuru kwa gundi, akasema sasa analala usingizi.

Ndiyo maana kidonda kilipotokea, kila mtu aliumia mara mbili.

Sikukiona mimi. Nilikisikia, yaani nilisikia harufu, nikadhani ni usipa umeharibika. Sista alikuwa amekaa kwenye kochi, miguu imefunikwa kitenge, na Mgonjwa amelala juu ya ule wa kushoto, hataki kutoka, ananusa kitenge na kulia kidogo. Nilipotaka kufunua Sista alinipiga mkono. Nikampigia binti yake. Alipofika na kufunua, dole gumba lilikuwa jeusi na weusi umepanda. Binti alikaa chini sakafuni. Halafu akamshika Mgonjwa, akamgeuza miguu, na kwenye mguu wa mbele akakuta ukucha mmoja hauna kofia. Ilikuwa imedondoka na hatukuwa tumeirudisha.

"Huyu," alisema. "Huyu hapa. Nilisema mimi, nilisema!"

Alikuwa analia. Sista alikuwa amekaa palepale, macho wazi, anasikia. Nilimtazama nikimngojea apige kelele, amtetee, aseme lete mikono. Hakufungua mdomo. Binti akaita dereva wa bodaboda, paka akatiwa kwenye kiroba cha mbolea, na mimi nikadhani ukimya ule ni wa mtu aliyezidiwa. Gari la kwenda hospitali Mbeya lilikuja mchana huohuo. Mguu ulikatwa chini ya goti.

Dereva wa bodaboda alikuja saluni baadaye kumngojea mke wake, na kwa kuwa kungoja kunachosha akatusimulia. Paka, alisema, kama humvushi mto atarudi tu, kwa hiyo alikwenda naye mpaka Katumba Songwe avuke naye upande wa Malawi. Lakini maji yalikuwa juu, akaona asijisumbue, akakifungua kiroba kandokando ya mashamba. Mbwa wa walinda mpunga walikuwa karibu. "Akakimbilia kwenye mchikichi," alisema. "Akaruka vizuri kabisa. Sasa zile kucha za plastiki! Anashika, anateleza. Anashika, anateleza. Mpaka nikacheka."

Mke wake hakucheka. Nilimsuka nywele zake zote nikiwa nimempa mgongo mume wake.

Sista aliporudi alikuwa amepungua, na sisemi mguu peke yake. Binti alimkalisha na msichana wa kumsaidia, akarudi kazini Dar akiwa amekonda na yeye. Watu walikwenda kumpa pole na wote walimlaani paka. "Yule mnyama," walisema. "Kumlea kote kule." Sista aliwasikiliza. Wengine walitoa mikono kwa mazoea, akawa haiangalii. Mimi nilikwenda mara moja nikashindwa kukaa.

Mara ya mwisho nilikwenda mchana wa Jumamosi, msimu wa kuanika kokoa, uwanja wake wote umejaa mikeka ya majirani kwa sababu yeye hakuwa na haja tena ya kutembea pale. Nilibeba beseni langu la saluni bila kujua vizuri kwa nini nimelibeba. Alikuwa kwenye kigoda mlangoni, mguu mmoja mbele, kitenge kimekunjwa pale ambapo mwingine uliishia.

"Mugonile, Sista."

"Nimeamka," alisema. Tukakaa. Msichana alikuwa kisimani. Akageuka akanitazama, na nikajua analitafuta la kuuliza tangu zamani.

"Mgonjwa wangu," alisema. "Kabla ya kumpa ruhusa. Walimtoa vile vitu?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa na sura ya kudanganya, nimeshawadanganya maharusi wengi kwamba wamependeza. Lakini huyu mwanamke alikuwa ameniosha miguu.

"Mma, Sista," nilisema. "Hawakumtoa."

Alitikisa kichwa taratibu. Hakuuliza alikopelekwa wala nini kilimpata. Alikuwa anaujua mchikichi wake.

"Hakunikwaruza," alisema.

"Nani?"

"Mgonjwa. Hakunikwaruza. Nilijikata mwenyewe, kwa wembe, nimekaa hapahapa. Sikusikia kitu. Nilipoinua gazeti ndipo nikaona damu kwenye maandishi. Nilikata pembe ya ukucha, nikakata na dole."

Nikamwona binti yake sakafuni, nikakiona kile kiroba kinajitikisa nyuma ya bodaboda.

"Ulijua siku ileile? Walipomchukua ulikuwa unajua?" Sauti yangu ilipanda, na sikuwahi kumpandishia sauti. "Sista! Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini?" Alinyoosha mikono yake mbele yake, akaigeuza viganja juu, kisha chini. "Miaka yote ile nawashika vidole. Ningewaambia nini? Kwamba Sista haoni? Nilikuwa nangoja wamalize kelele niseme. Nikangoja. Nikasikia pikipiki inawaka."

Machozi hayakumtoka. Nilikuwa na hasira naye, na nilimwonea huruma. Nilitaka kumwambia habari ya mchikichi wa Katumba Songwe ili na yeye aibebe. Sikumwambia, na mpaka leo sijui kama nilifanya hivyo kwa wema.

Nikaenda jikoni, nikachanganya maji, nikayajaribu kwa kiwiko kwa sababu mguu wenyewe usingenionya. Nikapiga magoti mbele ya kigoda. Kwa miaka yote niliyomjua hakuwa amemruhusu mtu kuugusa mguu wake. Sasa alisogeza kitenge na kuuweka ndani ya beseni. Nilipitisha kidole katikati ya kila kidole chake. Kisha nikaufuta kwa taulo, nikauweka pajani pangu, nikachukua mkasi wa kazi. Kucha zilikuwa ndefu, zimeanza kujikunja. Hakuna aliyethubutu kumwambia Sista kwamba kucha zake ni ndefu.

"Usiguse pembe," alisema. "Kata wima."

Nikakata wa kwanza.

"Kuna damu?"

"Hakuna, Sista."

Nikakata wa pili.

"Kuna damu?"

"Hakuna."

Alikuwa ameinua uso anaangalia kokoa za watu zikikauka uwanjani. Kila nilipokata ukucha aliniuliza tena, na mimi niliangalia vizuri kabla ya kumjibu, kwa sababu mguu wenyewe haukumwambia kitu.